Paka Mweusi Asiyeonekana Mweusi: Joto, Baridi na Rangi ya Paka wa Siam

Najua wapo waliofika kwa mshangao tu, wamwone mtu mzima aliyepewa saa nzima kuzungumzia manyoya ya paka. Mshangao nao ni mlango wa elimu, karibuni.

Nina dai moja, na nitalitoa mapema ili mpate nafasi ya kulipinga. Wengi wenu mmemwona paka wa Siam, kama si kwa macho basi kwa picha. Mwili wake ni wa rangi ya malai. Uso, masikio, miguu na mkia ni kahawia iliyokolea hata ikakaribia weusi, na macho ni ya buluu. Dai langu ni kwamba huyo ni paka mweusi. Ndani ya kila seli yake mna maagizo yaleyale ya weusi aliyo nayo yule paka wa usiku ambaye watu wa pwani humkwepa njiani wakisema huyu si bure. Kilichomzuia asiwe mweusi kutoka pua hadi mkia ni joto la mwili wake mwenyewe.

Kwanza tujue ametoka wapi. Nchi ya Siam ndiyo Thailand ya leo. Huko paka hawa walichorwa na kusifiwa katika vitabu vya kale vya mashairi ya paka viitwavyo Tamra Maew, vinavyohesabiwa kuwa vya enzi ya Ayutthaya, ufalme ulioanguka mwaka 1767. Watu wa huko humwita wichienmaat. Wazungu walimgundua baadaye sana. Mwishoni mwa mwaka 1878 balozi mdogo wa Marekani mjini Bangkok, David Sickels, alimpeleka paka mmoja kwa Lucy Hayes, mke wa Rais Rutherford Hayes. Paka alisafiri kwa meli kupitia Hong Kong na San Francisco, akafika Ikulu ya Washington, akapewa jina Siam, na kabla mwaka 1879 haujaisha akafa. Mwaka 1884 Edward Blencowe Gould, ofisa wa ubalozi wa Uingereza hukohuko Bangkok, aliwaleta London dume na jike, Pho na Mia, akawakabidhi kwa dada yake, Lilian Veley. Mwaka uliofuata watoto wao walionyeshwa katika jumba la Crystal Palace. Chama cha wafugaji wa paka wa Siam kikaundwa Uingereza mwaka 1901. Hadithi za binti mfalme aliyetundika pete zake kwenye mkia wa paka wakati anaoga, ndipo mkia ukapinda, nawaachia wauzaji wa paka. Kupinda kwa mkia ni kasoro ya mifupa iliyokuwa ya kawaida katika paka wa kwanza, na wafugaji wameichuja kwa miaka mingi.

Wafugaji hao wa mwanzo waliona jambo ambalo hawakuweza kulieleza. Paka wa Siam huzaliwa mweupe. Si malai, si kijivu. Mweupe kabisa, pua na nyayo zikiwa za waridi, na ndugu zake wote hivyohivyo. Mtu asiyejua huweza kudhani jike lake limemdanganya na dume la jirani. Baada ya siku chache kingo za masikio huanza kuchafuka, kisha ncha ya pua, kisha mkia. Katika wiki zinazofuata giza husambaa kutoka puani kupanda usoni, na vidole huanza kubadilika. Mfugaji hulazimika kungoja wiki kadhaa kabla ya kuthubutu kumwambia mnunuzi kama huyu atakuwa wa ncha nyeusi au za chokoleti, na hata hapo wengine hukosea. Rangi haitulii mpaka paka atimize mwaka au zaidi. Na haitulii moja kwa moja, kwa sababu mwili wa malai nao utaendelea kukoza mwaka hadi mwaka, na paka mzee wa Siam anaweza kuwa wa rangi ya chai yenye maziwa kidogo.

Ili tuelewe, turudi nyuma hadi tumboni. Kiinitete cha paka kikiwa bado kidogo mno, kando ya mahali patakapokuwa uti wa mgongo hujitokeza ukanda wa seli zenye tabia ya kuhama. Baadhi yake zitakuwa neva. Nyingine zitakuwa seli za rangi, nazo husafiri chini ya ngozi kutoka mgongoni kushuka ubavuni, hadi tumboni na kwenye vidole. Ndiyo maana paka wa mtaani mwenye mabaka meupe huwa na weupe kifuani, tumboni na miguuni, mara chache sana mgongoni peke yake: seli zilichelewa au zilikuwa chache, hazikufika mwisho wa safari. Paka wa Siam hana tatizo hilo. Seli zake za rangi zimefika kila mahali, mgongoni, tumboni, kila shina la unywele lina wafanyakazi wake. Zipo pia chini ya manyoya meupe. Zimekaa tu.

Kazi ya seli hizo ni kutengeneza melanini, na melanini hutengenezwa kutokana na tairosini, kijenzi kimojawapo cha protini tunazokula. Hatua ya kwanza na iliyo ngumu zaidi hufanywa na kimeng'enya kiitwacho tairosinesi. Kikikosekana, hakuna melanini ya aina yoyote, si ile nyeusi, si ile nyekundu. Jeni inayobeba maagizo ya kukitengeneza huitwa TYR. Mwaka 2005 watafiti walionyesha kosa lililomo katika jeni hiyo kwa paka wa Siam: herufi moja imebadilika, na kwa hiyo katika mnyororo mrefu wa protini, mahali palipopaswa kukaa glaisini, ambayo ni ndogo kuliko zote, pamekaa aginini, kubwa na yenye chaji ya umeme. Kimeng'enya kinatengenezwa, lakini hakijikunji sawasawa.

Na hapa ndipo penye ufundi wote. Kimeng'enya hicho kilichopinda ni kama samli. Pale Njombe mwezi wa Julai samli imeganda, unaichota kwa kijiko ikiwa na umbo lake. Chupa hiyohiyo ukiiteremsha Tanga, inamwagika. Tairosinesi ya paka wa Siam penye ubaridi hushika umbo na kufanya kazi. Kwenye joto la kawaida la ndani ya mwili wa paka, nyuzi 38 hadi 39, hulegea, na seli haina budi kuivunjavunja na kuitupa. Paka wa kawaida ana kimeng'enya kisichojali tofauti hizo. Cha huyu kinajali hata nyuzi chache.

Sasa mtazameni tena. Masikio ni ngozi nyembamba isiyo na nyama, yanapoteza joto kila upande. Pua hupitisha hewa ya nje muda wote. Miguu na mkia viko mbali na moyo. Hizo ndizo sehemu za baridi, na hizo ndizo zenye giza. Kifua, mbavu na tumbo ni sehemu za moto, na hizo ni nyeupe. Dume lina sehemu moja zaidi iliyokoza rangi, na kwa kuwa wengi wenu ni watu wazima nitaitaja: ni mfuko wa korodani. Maumbile yameuning'iniza nje kwa sababu mbegu za kiume zinahitaji ubaridi kidogo, na ubaridi huohuo umeupaka rangi. Sijui mfano ulio wazi kuliko huo, ingawa katika vitabu vya shule haumo.

Weupe wa mtoto anapozaliwa nao sasa umejieleza. Kwa siku kama 65 amekaa tumboni mwa mama, mahali ambapo masikio yana joto sawa na ini. Hakuna upande wa baridi. Kila unywele aliozaliwa nao uliota penye joto. Saa ile anapotoka na upepo wa dunia kumgusa masikio, ndipo kazi inapoanza.

Msikubali haya kwa sababu nimeyasema vizuri. Yalipimwa. Mwaka 1930 watafiti wawili wa Urusi ya Kisovyeti, wote wa jina la Iljin, walichapisha majaribio yaliyofanywa kwa wembe na subira. Waliwanyoa paka wa Siam sehemu za mwili zilizokuwa nyeupe, wakawaweka penye baridi. Manyoya yalipoota tena yaliota ya giza. Penye joto, manyoya mapya yaliota yakiwa yamepauka. Jeni za paka hazikuguswa. Kilichobadilika ni hali ya hewa juu ya ngozi iliyonyolewa.

Majaribio hayo yanatufundisha jambo jingine ambalo wasemaji wengi hulisahau. Unywele ukishatoka nje ya ngozi ni kitu kilichokufa, hauongezewi rangi wala haupunguziwi. Paka wa Siam hageuki rangi akihamia mahali pa baridi. Unywele aliokuwa nao unabaki vilevile. Ule utakaoota baada ya huo kuanguka ndio utakaokuwa tofauti. Kwa hiyo manyoya yake ni kumbukumbu: kila unywele unaeleza joto la mahali ulipoota, kwa kipindi ulipokuwa ukiota, na kumbukumbu hiyo hudumu mpaka paka apukutishe manyoya.

Madaktari wa mifugo hukutana na jambo hili na wenye paka kuwalaumu bure. Paka jike analetwa kufungwa kizazi, ananyolewa ubavuni kipande cha ukubwa wa kiganja, anapasuliwa, anapona. Baada ya wiki kadhaa mwenye paka anarudi amefura: mmemwekea mnyama wangu dawa gani, mbona ana kiraka cheusi? Hakuna dawa. Ngozi iliyo wazi ilipoa, na manyoya mapya yakakuta ubaridi. Msimu ujao wa kupukutisha, kiraka kitaondoka. Kinyume chake pia hutokea. Paka akiugua homa ndefu, manyoya yanayoota wakati ule kwenye uso au miguu huweza kutoka meupe, naye akapona akiwa na nywele nyeupe usoni. Na akifungwa bandeji mguuni kwa muda mrefu, chini ya bandeji kuna joto. Mguu utafunuliwa ukiwa umepauka kuliko mwenzake.

Tuseme basi mfugaji ana watoto wawili wa tumbo moja. Mmoja anamuuzia mtu wa Mombasa, anayeishi Kisauni katika nyumba ya bati. Mwingine anakwenda Limuru, kwenye baridi ya mashamba ya chai. Baada ya miaka mitatu wakutanisheni. Wa Mombasa atakuwa na mwili mweupe unaong'aa na giza lililobanwa kwenye ncha tu. Wa Limuru atakuwa amekoza kifuani na mapajani, na barakoa ya uso imepanda juu. Katika maonyesho ya paka wa nasaba, wa Mombasa ndiye atakayepewa utepe, kwa sababu vyama vingi hutaka utofauti mkali kati ya mwili na ncha. Mwenye paka wa Limuru atarudi nyumbani na cheti tupu, na paka wake hana upungufu wowote wa nasaba. Wafugaji wa nchi za baridi wanalijua hilo. Wapo wanaowatunza paka wao wa maonyesho ndani ya vyumba vyenye joto, na ni kawaida paka wa Siam kustaafu mashindano akiwa bado kijana kwa sababu mwili umeanza kukoza. Mimi binafsi naona ni ajabu kumpimia mnyama ubora kwa kipimajoto cha nyumba aliyolelewa. Lakini hainikeri kama ile tabia ya kumrefusha uso hadi uwe pembetatu, jambo ambalo halina uhusiano na rangi na wala paka wa vitabu vya Ayutthaya hawakuwa hivyo.

Cheti cha nasaba kinaahidi nini basi? Kinaahidi kwamba paka huyu amepokea ile TYR yenye kosa kutoka kwa baba na kutoka kwa mama. Lazima iwe pande zote mbili. Akiwa na moja tu, ile nzima itatosha kutengeneza kimeng'enya kisichojali joto, na paka atakuwa na rangi kamili mwili mzima. Ndiyo sababu mtu wa Dar es Salaam mwenye jike la Siam lililotoroka usiku mmoja hupata vitoto vyeusi na vya milia, hakuna hata kimoja chenye ncha, naye hudhani damu imepotea. Haijapotea. Imejificha kwa wote. Vitoto hivyo vikizaana vyenyewe kwa vyenyewe, kwa wastani mjukuu mmoja katika kila wanne atatoka mweupe na kuanza kuchafuka masikio, na majirani watasema paka amefufuka.

Kuhusu rangi za ncha zenyewe nitapita haraka, maana ni hesabu tu. Weusi ndio msingi. Jeni ya TYRP1 ikiharibika kwa namna moja, weusi hugeuka chokoleti. Jeni ya MLPH ikiharibika, chembe za melanini hazisambazwi sawasawa ndani ya unywele, hujikusanya mafungu, na jicho letu linaona kijivu, rangi ambayo wafugaji huiita buluu. Paka mwenye makosa yote mawili huwa na rangi ya zambarau iliyopauka. Chama kikubwa cha Marekani, CFA, kinatambua rangi hizo nne tu kuwa za paka wa Siam. Mwenye ncha nyekundu au za milia wanamwandika kwa jina jingine, hata akiwa sawa kwa kila kitu. Waingereza hawana ubahili huo. Wekundu una jeni yake kwenye kromosomu ya X, na ilichukua zaidi ya karne moja ya kuitafuta mpaka watafiti wa Marekani na Japani walipoitambua, matokeo yao yakachapishwa mwaka 2025. Lakini hata wekundu, kwa paka wa Siam, hubaki kwenye masikio na mkia. Tairosinesi ndiyo yenye mlango.

Kuna paka mmoja ninayependa kumtaja kwa jina, kwa sababu yeye peke yake alikuwa somo zima. Aliitwa Wong Mau. Mwaka 1930 daktari Joseph Thompson wa San Francisco alimpata kutoka Burma, nchi iitwayo Myanmar leo. Alikuwa kahawia ya kokwa mwili mzima, ncha zikiwa zimekoza zaidi. Wajuzi wa wakati ule walimcheka: huyo ni paka wa Siam aliyeharibika, mwili umekoza mno. Thompson hakuridhika. Alimpandisha kwa dume la Siam liitwalo Tai Mau, na watoto wakatoka wa namna mbili, wengine wa Siam kamili, wengine kama mama. Akawapandisha wale wanaofanana na Wong Mau wenyewe kwa wenyewe, na ikatokea namna ya tatu: paka wa kahawia nzito, ambao ncha zao karibu hazionekani.

Hapo mambo yakawa wazi. Kulikuwa na kosa la pili katika jeni ileile, lililozaliwa Burma, ambalo hulegeza kimeng'enya kidogo kuliko lile la Siam. Wong Mau alikuwa na moja la kila nchi. Thompson na wenzake, akiwamo mtaalamu wa jeni Clyde Keeler, walichapisha hesabu hizo mwaka 1943. Leo tunajua kwamba kwa paka wa Burma ni ileile glaisini inayong'olewa, ila mahali pengine katika mnyororo, na nafasi yake kuchukuliwa na triptofani. Mbari nzima ya paka wa Burma inayofugwa Marekani ilianzia kwa jike huyo mmoja aliyechekwa.

Nitaulizwa, na ni haki kuuliza, kuhusu paka wetu wa pwani. Msitu wa Arabuko-Sokoke, kati ya Kilifi na Malindi, ndio uliompa jina paka wa Sokoke, ambaye leo ana cheti cha nasaba huko Ulaya. Wagiriama humwita khadzonzo, kwa manyoya yake yanayofanana na gome la mti. Mwaka 1978 Jeni Slater, aliyekuwa akiishi karibu na msitu huo, alianza kuwafuga. Wengine wakapelekwa Denmark, na mwaka 1993 shirikisho la kimataifa la FIFe likawatambua kuwa mbari kamili. Lakini rangi ya Sokoke haiji kwa njia ya baridi. Michoro yake huamuliwa mapema zaidi, tumboni, kabla hata mashina ya manyoya hayajaota: ngozi ya kiinitete hugawanyika maeneo mazito na mepesi, na jeni iitwayo DKK4 ni mojawapo ya zinazochora mipaka hiyo. Jeni nyingine, TAQPEP, huamua kama mchoro utakuwa milia myembamba au mabaka mapana yaliyozunguka. Hiyohiyo ikiharibika kwa duma humpa mistari ya mgongoni na kumfanya aitwe duma mfalme. Hayo ya TAQPEP yalijulikana mwaka 2012. Sokoke ana mabaka mapana, na juu yake kila unywele una mikanda ya mwanga na giza, ndiyo maana gome. Ukimhamishia Limuru atabaki kama alivyo.

Nimebakiza macho, na nimeyaweka mwisho kwa makusudi.

Macho ya paka wa Siam ni ya buluu kwa sababu yamo ndani ya kichwa, na ndani ya kichwa mna joto. Kimeng'enya hakipati nafasi ya kushika umbo. Hakuna rangi ya buluu iliyomo mle. Ni mwanga unaotawanyika katika tishu isiyo na melanini, kama unavyotawanyika angani. Mulikeni kwa tochi usiku: paka wengi macho hung'aa kijani, yake hung'aa wekundu, kwa kuwa nyuma ya jicho hakuna pazia la melanini, mnaona mishipa ya damu.

Zamani paka wengi wa mbari hii walikuwa na makengeza. Watu walicheka, wafugaji wakachuja. Mwaka 1969 Ray Guillery alitazama ubongo wao akakuta jambo kubwa. Kwa kawaida nyuzi za neva kutoka kila jicho hugawanyika njiani: nyingine hubaki upande wake, nyingine huvuka kwenda upande wa pili wa ubongo, na kwa mgawanyo huo picha za macho mawili hukutana. Kwa paka wa Siam nyuzi nyingi mno huvuka. Miaka miwili baadaye David Hubel na Torsten Wiesel wa Harvard, ambao mwaka 1981 walipata Tuzo ya Nobel kwa kazi yao juu ya kuona, walieleza jinsi ubongo wa paka huyo unavyojaribu kuipanga ramani iliyokuja imevurugika. Makengeza yalikuwa matokeo ya nyaya zilizounganishwa vibaya kabla ya kuzaliwa. Sababu ni ukosefu wa melanini katika jicho linaloumbwa, maana melanini ile inashiriki katika kuamua nyuzi ipi ivuke na ipi ibaki.

Hali hii ya kukosa melanini machoni ina jina tunalolijua vizuri sana hapa Afrika Mashariki: ualbino. Paka wa Siam ana ualbino wa sehemu. Kwa wanadamu, ualbino ulio wa kawaida zaidi katika eneo letu hutokana na jeni nyingine, OCA2, ila upo pia ule wa TYR, na mwaka 1991 ilichapishwa habari ya familia ambayo tairosinesi yao ililegea kwa joto vilevile kama ya paka huyu. Nywele za kichwani na za kwapani zilikuwa nyeupe. Za mikononi na miguuni zilikuwa na rangi. Watafiti waliandika jina la paka wa Siam katika kichwa cha makala yao.

Na uvukaji ule wa nyuzi uliokutwa kwa paka umekutwa kwa watu wenye ualbino pia, uwe wa jeni hii au ile. Kwa hiyo kofia na mafuta ya kukinga jua, ambayo tunayahimiza na tuendelee kuyahimiza, yanalinda ngozi. Macho ni habari nyingine. Miwani hurekebisha kile ambacho lenzi inaweza kurekebisha. Haiwezi kuzipanga upya nyuzi za neva, wala kulikamilisha lile doa la katikati ya retina ambalo kwa watu wenye ualbino halikomai sawasawa. Mtoto wa namna hiyo akisogeza daftari hadi karibu liguse pua, hiyo ndiyo njia yake ya kusoma, na mwalimu anayemwambia akae wima amemnyima herufi. Anahitaji dawati la mbele, maandishi makubwa ubaoni, na dirisha liwe nyuma yake.

Karibuni na maswali. Naona mkono wa yule bibi pale mbele umeinuliwa tangu nilipotaja korodani.